Chuma Kina Kosa Gani?

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja aliandika, kwa hasira ambayo naiheshimu, kwamba kila gari linalonaswa katika mashindano ya usiku litwaliwe na serikali, lisirudi tena kwa mwenyewe, na ikiwezekana lipondwe hadharani huku vijana wakitazama. Akatuletea mfano wa New Zealand. Aliandika vizuri, hilo halina ubishi. Siku tuliyousoma ukumbini vijana walipiga meza hadi chai ikamwagika. Mimi sikupiga meza. Baadhi yenu mkaniuliza, we vipi, si wewe ndiye hupenda kutuhubiria haki? Nikanyamaza. Leo najibu, na jibu lenyewe litanivua nguo kidogo, lakini mtu aliyejifunika gubigubi hawezi kubishana na wenzake.

Kwanza tuelewane. Anayengoja nimwage sifa za turbo na harufu ya mpira unaoungua, afunge ukurasa huu akasome mashairi. Barabara zetu zinaua. Kati ya 2021 na 2024 Kenya ilizika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa sababu ya ajali, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu: mama anayevuka na beseni la mboga, mlinzi anayetoka zamu, mtoi wa shule. Hao hawakuweka dau. Hawakujua hata kwamba kuna mchezo. Kwa hiyo mwenzetu aliposema kwamba mshindani wa barabarani ni muuaji ambaye tarehe yake haijafika tu, sina neno. Namkatalia pale anaposema dawa ni gari. Anadhani ni adhabu kali. Mimi nasema ni adhabu laini kupita zote, na najua, kwa maana mimi niliponyoka ndani yake kama kambare.

Mjomba wangu alikuwa na Probox nyeupe. Ilishuka melini Mombasa ikiwa tayari imekula chumvi Japani, na aliinunua kwa akiba ya chama pamoja na mkopo ambao logbuku ilikaa kwa mkopeshaji kama rehani. Asubuhi za juma alipeleka watoto saba wa majirani shule. Mchana teksi. Jumamosi alfajiri alikuwa Soko la Wakulima akibeba vitunguu na nyanya za wanawake wa mtaani. Gari lile lilikuwa shamba lake. Ndani, chini ya kiti cha dereva, aliweka daftari la mistari, na humo aliandika jina la kila mtoto, mzazi aliyelipa, na mzazi aliyesema "mwisho wa mwezi, babangu".

Jumamosi moja ya mwaka 2018 nilimwomba funguo. Niliomba mimi. Nilimwambia kuna mgeni nataka kumfikisha kwenye basi la usiku. Mjomba hakuuliza mara mbili, kwa sababu mimi ndiye kijana wa vitabu, mimi ndiye huandika. Angeombwa na beste yangu angekataa, kwani beste alikuwa na mguu mzito wa kulia na mtaa mzima ulijua. Mgeni hakuwepo. Saa saba usiku beste alikuwa kwenye usukani, mimi kiti cha pembeni, na tulikuwa kwenye bypass pamoja na magari kama kumi na mbili na vijana wengi zaidi ya hapo.

Mnacheka, Probox kwenye mashindano? Basi hamjawahi kusafiri usiku kwenye barabara ya Meru. Mzigo wa miraa huharibika upesi, na wanaoukimbiza mjini kwa pikapu na Probox kuwahi ndege ya Uwanja wa Wilson hushindana na jani lenyewe, kila siku ya Mungu, mchana kweupe. Hayo nayo ni mashindano. Matatu mbili zikigombania abiria mmoja aliyesimama kituoni ni mashindano pia. Ila yale yana mapato, kwa hivyo tumeyapa jina la kazi.

Mpinzani wetu alikuwa Subaru la kijana kutoka ule upande wa mji ambao barabara zina miti. Dau lilikuwa elfu tano. Mtu akaangusha shati, tukaondoka. Nilikuwa nikihesabu gia kwa sauti kama kondakta mlevi. Nakumbuka furaha ile, siwezi kusema sikuisikia. Kifua kilikuwa kikubwa kuliko gari. Tulishindwa, bila shaka. Na pale tulipokuwa tukigeuza, taa za karao zikatuwakia pande zote mbili.

Sasa sikilizeni haki ilivyotembea usiku ule. Kijana wa Subaru alipiga simu moja. Kabla ya adhana ya alfajiri Subaru lilikuwa limelala kwao. Beste yangu alipelekwa ndani, akatoka kwa dhamana, akafikishwa kortini, akapigwa faini. Faini ililipwa kwa mchango, na kama mnataka kujua mchango mkubwa ulitoka wapi, ulitoka kwa mjomba. Na mimi? Afande alinimulika tochi usoni. "Wewe ni nani?" Nikasema, "Abiria, afande." Abiria! Akasema, "Basi abiria tembea." Nikatembea. Nyuma yangu nikaisikia brekdauni ikiinua Probox kwa minyororo.

Liliwekwa kama kielelezo katika kituo ambacho sitakitaja, likakaa miezi saba. Kesi ya beste ilikwisha mapema, lakini karatasi ya kulitoa gari ilikuwa kila mara imekwenda kwa mkubwa, na mkubwa kila mara alikuwa semina. Wazazi wa wale watoto saba walimvumilia mjomba kwa wiki moja, wakatafuta gari jingine. Na nani awalaumu, mtoto lazima afike shule. Mkopeshaji hakujua habari za kielelezo, yeye alitaka chake tarehe tano. Gari liliporudi halikuwa na betri, redio, tairi la akiba wala taa ya kushoto. Panya walikuwa wamezaa kwenye viti vya nyuma. Daftari lilikuwepo. Lilikuwa limevimba kwa mvua iliyopenya, majina yote yamekuwa wingu moja la wino wa buluu.

Mjomba alirudi kufanya vibarua vya jua kali akiwa na miaka hamsini na miwili. Beste alikaa wiki mbili bila kushika usukani. Mimi Jumamosi iliyofuata sikwenda bypass. Iliyofuata hiyo nilikwenda, ndani ya gari la mtu mwingine.

Rudieni sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Mashindano hayakosi gari. Yanachohitaji ni kijana mwenye mguu mzito na mwingine wa kumsifu, na hao wawili serikali iliwaacha nje. Ilichokamata ni chuma, ambacho hakikuwa cha yeyote kati yetu. Katika mtaa wangu sijui kijana hata mmoja wa miaka ishirini na mbili mwenye gari lililo lake kweli. Ni la mathe, ni la bosi, ni la sako, ni la mkopeshaji hadi mwezi wa thelathini na sita. Pikipiki za bodaboda hali ni hiyo hiyo, mwenye nayo yuko nyumbani akingoja hesabu ya jioni. Ukitwaa chombo umemwadhibu anayengoja. Huyo wa miti, ambaye gari kweli ni lake ama la baba asiyehesabu, ndiye anayeweza kulikosa bila kulala njaa, na ndiye, kwa bahati ya ajabu, ambaye halikosi.

Tuje kwenye New Zealand ya mwenzetu. Ni kweli walikasirika kama yeye. Sheria yao ya mwaka 2003 iliwapa polisi uwezo wa kuzuilia gari la mshindani siku 28. Haikutosha, na mwaka 2009 waziri wao wa polisi, Judith Collins, akasimamia sheria iliyosema dereva akitiwa hatiani mara tatu ndani ya miaka minne, mahakama yaweza kuamuru gari lake lipondwe. Bibi yule akapachikwa jina la "Crusher", mponda-magari, na jina likamfuata katika siasa kama kengele shingoni mwa mbuzi. Lakini gari la kwanza halikupondwa hadi 2012, mbele ya waandishi wa habari waliokusanyika kama kwenye harusi. Miaka minane baada ya sheria kupita, yaliyopondwa yalikuwa matatu. Matatu! Watetezi wake walisema uchache huo ndio ushahidi kwamba kitisho kilifanya kazi, na sitawanyima hoja yao, huenda kuna vijana walioogopa. Ila Mei 2025 mawaziri wa nchi hiyo hiyo walitangaza kwamba wanaandaa sheria nyingine kali zaidi dhidi ya vijana hao hao. Dawa gani hii ambayo dozi yake haiishi?

Na tazameni jambo ambalo mwenzetu alilirukia: mara tatu, ndani ya miaka minne, kwa amri ya mahakama. Hata mponda-magari mwenyewe aliweka hatua tatu kabla ya kuponda. Mwenzetu anataka usiku mmoja na askari wa zamu.

Kuna wanaofanya karibu na anavyotaka. Denmark, tangu mwisho wa Machi 2021, dereva akiendesha kiwendawazimu polisi hulichukua gari hapo hapo, na haliangaliwi ni la nani. Liwe la kuazima, liwe la kukodi, linaweza kutwaliwa na kupigwa mnada, isipokuwa mahakama ione kwamba ni kumwonea mwenye mali kupita kiasi. Oktoba ya mwaka huo mtu mmoja alikuwa ametoka kununua Lamborghini Ujerumani akilirudisha kwake Norway, akapita Denmark kwa kilomita 236 kwa saa, akalipoteza saa chache baada ya kulilipia. Dunia nzima ilicheka, nami nilicheka. Mtu akipoteza Lamborghini lake mwenyewe kwa upumbavu wake mwenyewe, kicheko ni halali. Lakini sheria iliyomnasa yeye ndiyo hiyo hiyo ingemnasa mjomba wangu akiwa usingizini.

Austria walipofuata mkondo huo, Machi 2024, walisimama kidogo wakauliza swali ambalo bibi yeyote wa mtaani angeuliza: gari la nani? Aliyezidisha mwendo kupita kiasi hunyang'anywa gari, na linaweza kuuzwa. Likiwa la mtu mwingine haliuzwi. Ni dereva ndiye hupigwa marufuku ya kuliendesha. Sidai hiyo ni pepo. Nadai tu kwamba swali limeulizwa.

Kwetu swali hilo tuna hata mahali pa kuliegemeza. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inamkinga mtu asinyang'anywe mali yake kiholela. Miezi saba ya "mkubwa yuko semina" ni nini kama si kiholela? Na hapo hata hukumu ya kutwaa gari haikuwepo. Mwenzetu anadhani anaomba kitu kipya kikali. Kile kilichopo tayari, kimyakimya, bila hakimu, kinatwaa magari ya watu wadogo kila wiki kwa njia ya kuyaacha yaoze.

Halafu kuna hili la Safari, na hapa naomba mniruhusu nicheke peke yangu. Mwaka 1953 Malkia Elizabeth alipotawazwa, wazungu wa huku waliona njia nzuri ya kusherehekea ni kukimbiza magari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za umma, katikati ya ng'ombe na watu. Mwaka huo huo serikali ya mkoloni ilitunga Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo tunayo hadi leo ikiwa na viraka. Safari iliendelea hivyo, barabara zikiwa wazi, hadi 2002. Timu kubwa zilikuwa na helikopta angani za kumwonya dereva kwamba mbele kuna mbuzi, ama punda, ama matatu. Ilipoondolewa katika mashindano ya dunia tulilia, na iliporudi Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alipeperusha bendera pale KICC. Mimi nilikuwepo Naivasha, nimejaa vumbi hadi kwenye kope, na sijuti. Lakini msiniambie kwamba taifa hili linachukia mwendo. Taifa hili lilimbeba mabegani Joginder Singh, fundi wa magari, aliyeshinda Safari mwaka 1965 na nduguye kiti cha pembeni, ndani ya Volvo iliyokuwa imeshatumiwa na wengine. Ndiyo, mtumba. Akashinda tena 1974 na 1976. Kijana wa Eastlands aliyekua akisimuliwa hayo na babu yake, mnataka aupende mwendo kwenye televisheni tu?

Wenzetu wa Soweto walikuwa na ugonjwa unaofanana. Tangu miaka ya 1980 vijana walizungusha BMW kuukuu mitaani mpaka moshi wa matairi ukaficha nyumba, mara nyingi kwenye mazishi ya majambazi. Ulikuwa mchezo wa wahuni, na polisi waliufukuza. Mwaka 2014 chama cha michezo ya magari cha Afrika Kusini kiliutambua kama mchezo rasmi, wenye uwanja, kanuni na uzio kati ya gari na mtoto. Najua hata uwanja hautawamaliza wa mitaani. Kwetu pia zipo siku za kushindana kihalali, lakini helmeti, leseni ya mchezo na ada ya kuingia ukizijumlisha unapata kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Usiku wa bypass kiingilio ni bure.

Mtaniuliza, basi unataka nini? Nataka mkamate mtu. Leseni yake iende, miaka, na akishikwa akiendesha bila hiyo alale ndani kweli. Tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu 1998: mpeni ufagio na kizibao kinachong'aa, Jumamosi usiku, na afagie ile bypass aliyokimbilia, beste zake wakipita na kumpigia honi. Jumamosi hamsini. Niamini, maze, hakuna kijana wa umri wangu ambaye angechagua hayo badala ya kupoteza Probox ya mjomba wake. Na abiria naye afagie. Aliyeomba funguo afagie. Na kama yuko mtu aliyelinunua gari kwa ajili ya kazi hiyo, ni lake, analiendesha mwenyewe, na amerudia na kurudia, basi mfikisheni mbele ya hakimu, hakimu aseme, mlichukue. Hapo sitawazuia, nitakuja kupiga meza.

Kuna mmoja ukumbini aliniambia kwamba mwenye gari naye ana kosa, asingetoa funguo. Nilimtazama nikajua hajaishi uswahilini. Kwetu gari la jirani ndilo ambulensi, ndilo gari la maiti, ndilo gari la bwana harusi. Likiombwa saa tano usiku hutoi hotuba, unatoa funguo. Mkitunga sheria ya kumwadhibu aliyetoa, siku ya uchungu wa mzazi tutaendana na wilibaro.

Mjomba hadi leo anaamini kwamba usiku ule beste alinipokonya funguo nje ya kituo cha mabasi, nilipokuwa nikimsindikiza mgeni. Hakuniuliza jina la mgeni. Miaka yote hii amemnunia beste, hamsalimii, na mimi ananikaribisha chai. Jarida hili hulisoma. Mimi ndiye humpelekea kila likitoka, naye husoma ukurasa wangu kwanza, kwa sauti, akimwita shangazi aje asikie. Toleo hili pia nitampelekea, kwa mkono, na sitaondoka kabla hajamaliza.